Maji yanang'aa, samaki anahema

Katika siku zake za mwanzo tangi la samaki wa baharini huwa safi machoni kuliko litakavyokuwa tena. Ndizo siku zake za hatari. Na samaki anayeonja hatari hiyo huenda alivuliwa kwenye miamba ya pwani yetu.

Kichupa cha kupimia kina maji mililita tano. Yanaingia matone ya dawa ya kwanza, kisha ya pili, kifuniko kinafungwa, kichupa kinatikiswa na kuwekwa kando ya kadi ya rangi. Kama maji hayana amonia, yatabaki njano. Haya yanaanza kuwa kijani kabla hata muda wa kungoja haujaisha.

Tangi lenyewe halionyeshi kasoro. Kioo ni safi, mchanga ni mweupe, pampu inanguruma polepole. Samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale ambao watoto wa mjini wanawaita Nemo tangu filamu ile ya mwaka 2003, wamejisogeza juu kabisa, pale maji ya pampu yanapomwagika. Matamvua yao yanapiga harakaharaka. Chakula cha asubuhi kimezama bila kuguswa.

Aliyewahi kufuga samaki wa bahari nyumbani, awe Nairobi, Dubai au Hamburg, anaitambua picha hii. Samaki wameingia siku tano au sita zilizopita. Chumvi ilipimwa ikawa sawa, gramu 35 kwa lita. Joto lilipimwa, nyuzi 25. Mwenye tangi alifanya kila alichoelekezwa dukani, isipokuwa kungoja, na mara nyingi dukani hakuambiwa angoje.

Chakula kinakwenda wapi

Chukua tangi la lita 200 na samaki wawili wa gramu 10 kila mmoja. Wakilishwa asilimia tatu ya uzito wao, hiyo ni gramu 0.6 ya chakula kikavu kwa siku. Ni kipimo ambacho mtu angekiona ni uchoyo. Wengi humwaga zaidi ya hapo kwa vidole viwili.

Chakula cha samaki wa baharini kina protini nyingi. Tuseme ni asilimia 45. Karibu asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, kwa hiyo kila siku tangi linapokea naitrojeni miligramu 43 hivi. Samaki hujenga mwili kwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa, tuseme miligramu 26, inatoka tena ikiwa amonia, na haitoki kwa njia ambayo wengi wanaifikiria. Inapita kwenye matamvua, kila samaki anapohema, mchana na usiku.

Gawanya kwa lita 200. Unapata miligramu 0.13 kwa lita kwa siku. Ni kidogo. Lakini kesho kuna nyingine, na keshokutwa nyingine, na baada ya wiki moja kipimo kinakaribia miligramu 0.9.

Hapo ndipo bahari inapomgeukia mfugaji. Amonia ndani ya maji huwa katika hali mbili. Moja, amoniamu, haina madhara makubwa kwa samaki. Ya pili, amonia huru, hupenya matamvua na kumuunguza. Kinachoamua ni ngapi iko upande gani ni pH ya maji, na kidogo joto lake. Katika tangi la maji baridi lenye pH 7, amonia huru haifiki hata sehemu moja katika 100. Tangi la bahari lina pH 8.2 hivi, na hapo ni kama sehemu saba katika 100. Uchafu ule ule, sumu zaidi ya mara kumi.

> Uchafu ule ule, sumu zaidi ya mara kumi.

Kwa hiyo miligramu 0.9 za wiki ya kwanza zina ndani yake amonia huru kama miligramu 0.06 kwa lita. Wafugaji waangalifu hawapendi ipite 0.02. Na hesabu hii imechukulia kwamba samaki wamekula kila punje. Wakisusa, kama hawa waliotangulia kutajwa, chakula kinaoza mchangani na naitrojeni yake karibu yote inageuka amonia, bila hata kupitia tumboni mwa samaki.

(Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura, wasicheke. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9. Kwao kisu ni kikali zaidi.)

Kilichokosekana ni uhai

Baharini amonia haikai. Kuna viumbe vidogo vinavyoila: kundi la kwanza linaigeuza nitriti, kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Viumbe hivyo havielei ovyo majini. Vingi vimejishika juu ya mwamba, mchanga, sifongo la chujio, ndani ya kila kijitundu chenye maji yanayopita na oksijeni ya kutosha.

Tangi jipya halina viumbe hivyo, au lina vichache mno. Kumtia samaki humo siku ya kwanza ni kumhamishia mtu kwenye nyumba isiyo na choo, kisha kumwambia kitachimbwa akishazoea.

Tatizo ni kwamba bakteria hawa wanazaana taratibu. Bakteria wa kuozesha wanaweza kuongezeka maradufu kwa nusu saa. Ndiyo maana tangi jipya wakati mwingine huingiwa na weupe kama maji ya mchele, kisha weupe ukaondoka wenyewe baada ya siku chache. Wala-amonia huhitaji saa nyingi, mara nyingi karibu siku nzima, ili wawe maradufu. Wala-nitriti huchelewa kuliko hao, kwa sababu hawana cha kula hadi wenzao waanze kazi. Jumlisha yote unapata wiki nne hadi sita.

Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa aina hii kutoka kwenye udongo karibu na mwaka 1890. Lakini wafugaji wa samaki walikwishakutana na tatizo lenyewe kabla yake, bila kulijua jina.

Mama wa Westminster na ndoo zake

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akaenda nayo London. Bahari ilikuwa mbali na chumvi ya kuchanganya haikuwapo madukani. Maji yalipoanza kuharibika, aliamuru mtumishi wake ayamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku, ili yaingie hewa. Baadaye akaongeza mwani. Matumbawe yale yaliishi karibu miaka mitatu.

Mtumishi yule, ambaye jina lake halikuandikwa, ndiye pampu ya kwanza ya tangi la bahari ninayoijua.

Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu matangi. Waingereza wakapagawa. Walishuka ufukweni na nyundo na vikapu, wakajaza mitungi, na maji yalipooza wakarudi kuchukua viumbe wengine. Mwanawe, Edmund Gosse, akiandika mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekombwa.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu mtindo haujabadilika sana. Maji yakiharibika nyumbani, baharini kunatoka wengine.

Hatua kubwa ilitoka Indonesia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng aliandika jinsi alivyofuga viumbe wa matumbawe kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake wote, pamoja na hewa ya pampu. Hakuhitaji chujio la ajabu. Mawe yenyewe yalikuja na wala-amonia.

Sayansi nayo ilipata somo kutoka kwenye matangi. Mwaka 2005 watafiti walitangaza katika jarida la Nature kwamba kwenye changarawe ya tangi la maji chumvi la Seattle Aquarium, Marekani, wamepata kiumbe anayekula amonia ambaye si bakteria kabisa. Ni wa kundi jingine la viumbe vidogo, akaitwa Nitrosopumilus maritimus. Baadaye ikaonekana kwamba anaweza kuishi kwa amonia kidogo mno, kiasi ambacho kipimo cha nyumbani hakiwezi kukiona, na jamaa zake wamejaa baharini kote. Ugunduzi huo una uzito katika ugomvi tutakaoufikia hivi punde.

Mfuko kutoka Pwani

Kabla ya ugomvi, tumfuate samaki alikotoka.

Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo kadhaa. Wazamiaji wa Kilifi na Kwale hushuka miambani na vyavu vidogo vya mkono, wanamtafuta samaki mmoja mmoja, si kwa kilo. Kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, ambaye sokoni samaki mwenzake angeishia kwenye mchuzi, huko ng'ambo huuzwa akiwa hai kwa bei ya kushangaza. Wapo pia samaki-anemoni wa Afrika Mashariki, na yule mdogo mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake wadudu.

Kabla ya safari samaki hafungwi akiwa ameshiba. Anakaa bila chakula siku moja au mbili ili asichafue maji ya mfuko. Kisha anatiwa kwenye plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mfuko unafungwa, unaingizwa kwenye sanduku linalohifadhi joto, na sanduku linapanda ndege.

Ndani ya mfuko kuna kemia inayofaa kutazamwa kwa karibu. Samaki anahema, anatoa hewa ukaa na amonia. Hewa ukaa haina pa kwenda, inayeyuka na kuyafanya maji yawe na asidi zaidi. pH inashuka, inaweza kufika 7 au chini yake. Amonia inaongezeka kila saa, lakini kwa kuwa pH imeshuka, karibu yote inabaki amoniamu isiyo na madhara makubwa. Uchafu mmoja unamkinga samaki dhidi ya uchafu mwingine.

> Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia iliyolala inaamka.

Sasa samaki amefika. Mnunuzi anafungua mfuko, anaacha hewa iingie, na kwa wema anaanza kudondosha maji ya tangi tone baada ya tone kwa saa mbili, ili mgeni azoee. Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia iliyolala inaamka. Samaki aliyevuka mabara salama anaungua kwenye ndoo sebuleni. Wenye uzoefu huelea na mfuko uliofungwa kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane, wanalinganisha chumvi, wakishafungua hawachelewi kumtoa samaki, na maji ya mfuko wanayamwaga chooni.

Kisha anaingia kwenye tangi ambalo halijakomaa. Matamvua yaliyokwisha kuchoka safarini yanakutana na miligramu 0.13 ya leo, na ya kesho.

Kambi zinazobishana

Ubishi wenyewe ni huu: nani aanze kulisha wale viumbe wadogo?

Kambi ya zamani inasema samaki. Kwa miaka mingi wauzaji walimpa mnunuzi samaki mdogo mgumu, kwa mfano yule mweusi mwenye madoa matatu meupe ambaye watoto wake huishi kwenye anemoni za pwani hii, wakamwambia aanze naye. Akifa, maji hayajawa tayari. Akiishi, karibu mchukue wengine. Samaki kama kipimo cha maabara.

Kambi mpya inasema hakuna samaki hadi tangi likomae. Mfugaji anatia amonia ya chupa, mara nyingi kloridi ya amoniamu, hadi kipimo kisome miligramu mbili kwa lita au karibu na hapo, anangoja iishe, anatia tena. Siku ambapo dozi nzima inatoweka kwa saa 24, amonia na nitriti zote zikiwa sifuri, tangi liko tayari.

Katikati wamo wanaouza bakteria wa chupa. Hawa wana historia ya aibu kidogo. Kwa muda mrefu chupa nyingi zilitaja Nitrobacter kuwa ndiye mla-nitriti, kwa kuwa vitabu vilisema hivyo. Kazi ya Timothy Hovanec na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1996 na 1998, ilionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo inafanywa na Nitrospira. Chupa za leo ni bora zaidi, lakini kilichomo ni viumbe hai, na chupa iliyokaa juani kwenye ghala la bandarini au nyuma ya lori ni maji ya bei ghali.

Wa kambi ya zamani wana hoja ambayo wapinzani wao hawaijibu vizuri. Samaki mmoja mdogo, akilishwa kidogo katika tangi lenye mwamba hai, hutoa amonia polepole, siku baada ya siku, kama inavyokuwa baharini. Mwamba wenye uhai unaimeza kabla kipimo hakijaiona. Na ikiwa viumbe kama yule wa Seattle wameumbwa kuishi kwa amonia kidogo kabisa, kumwagia tangi miligramu mbili kwa mkupuo ni kulisha watu wengine. Isitoshe, tangi linaloachwa tupu na taa zikiwaka wiki sita mara nyingi huishia kuwa shamba la mwani.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inategemea mwamba ulio hai kwelikweli. Siku hizi wengi hununua mwamba mkavu: ni wa bei nafuu, hauleti wadudu, na hautolewi baharini. Ni jambo jema kwa miamba yetu. Ila mwamba mkavu ni jiwe. Anayechukua ushauri wa enzi za mwamba hai na kuutumia kwenye jiwe kavu anamtoa samaki kafara.

Msimamo wa mwandishi huyu ni kwamba samaki kama kipimo hana utetezi tena. Kipimo cha matone kinauzwa dukani, hakina matamvua. Na kuna kichekesho ambacho wauzaji hawakisemi: yule mweusi mwenye madoa matatu akinusurika, anakua, anajitangaza mwenye mji, na kila mgeni anayeingia baadaye anakula kichapo. Kumtoa kunamaanisha kubomoa miamba yote.

Nitriti inayoogopwa bure

Amonia ikishaanza kushuka, kipimo cha pili kinapanda: nitriti. Hapo mwenye tangi huingiwa na hofu upya, kwa sababu amesoma kwamba nitriti inaharibu damu ya samaki isibebe oksijeni.

Ni kweli, kwenye maji baridi. Maji ya bahari yana kloridi karibu gramu 19 kwa kila lita, na kloridi hiyo inagombania mlango ule ule wa matamvua ambao nitriti ingepitia. Nitriti nyingi inabaki nje. Kiasi ambacho kingemuua samaki wa maji baridi, samaki wa baharini hupita nacho bila kuonyesha dalili. Anayebadilisha nusu ya maji kila siku kwa kuogopa nitriti anajichosha, na anaondoa chakula cha viumbe anaowangoja.

Nitriti ina udanganyifu mwingine. Vipimo vingi vya nitrati hufanya kazi kwa kuigeuza nitrati kuwa nitriti kwanza. Kama nitriti tayari ipo tele, kipimo cha nitrati kinasoma idadi ya kutisha isiyo ya kweli. Pima nitrati baada ya nitriti kufika sifuri.

Kinachostahili kufuatiliwa zaidi, na ambacho wachache hukifuatilia, ni uwezo wa maji kuhimili asidi. Kila miligramu ya naitrojeni inayogeuzwa nitrati hula miligramu saba hivi za uwezo huo, ukihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Kwa samaki wetu wawili wa lita 200, hiyo ni karibu miligramu moja kwa lita kila siku. Maji ya bahari huanza na 120 hivi. Baada ya mwezi, kama hakuna maji yaliyobadilishwa, robo imekwenda, na pH inaanza kuyumba, hasa alfajiri baada ya usiku mzima wa taa kuzimwa na chumba kufungwa madirisha.

Mchanga wa kahawia unaotokea wiki ya tatu unawatisha watu bila sababu. Ni mwani mdogo wenye magamba ya silika. Hupita.

Joto na umeme wa huku kwetu

Miongozo mingi ya ufugaji huu imeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaoshughulika na kupasha maji. Mfugaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ana shida iliyo kinyume. Chumba chenye nyuzi 30 kinapunguza oksijeni majini na kuongeza sehemu ya amonia iliyo huru, kutoka saba katika 100 hadi kama kumi. Samaki anahitaji kuhema zaidi wakati ambapo kuhema kunamuunguza zaidi.

Maji ya bahari tayari yana oksijeni kidogo kuliko maji ya mto: kwenye nyuzi 25, kama miligramu 6.7 kwa lita dhidi ya 8.2. Umeme ukikatika pampu inasimama, na si samaki peke yake anayekosa hewa. Wala-amonia na wala-nitriti nao wanahitaji oksijeni, nyingi, kwa pamoja zaidi ya mara nne ya uzito wa naitrojeni wanayoisindika. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya taa za rangi.

Kuna faida pia. Aliye karibu na bahari anaweza kudhani amepata maji ya bure. Ni ya bure, lakini asichote kwenye mdomo wa hori wala karibu na bomba la maji machafu, na asiyamimine moja kwa moja. Maji mabichi ya bahari yamejaa viumbe vidogo vinavyokufa ndani ya ndoo na kutoa amonia kabla samaki hajafika. Desturi ni kuyahifadhi gizani wiki mbili au zaidi, yatulie, kisha kuchota ya juu.

Na joto hukausha maji. Tangi la lita 200 likipoteza lita mbili kwa siku bila kuongezwa, baada ya wiki chumvi imepanda kutoka gramu 35 hadi 37.6. Kinachopotea ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi. Inashangaza ni wangapi huongeza maji ya bahari.

Nani anabeba hasara

Ripoti ya mwaka 2003 ya kituo cha uhifadhi cha UNEP ilikadiria kwamba samaki wa mapambo wa baharini kati ya milioni 20 na 24 huuzwa duniani kila mwaka, wa spishi 1,471. Tofauti na wa maji baridi, ambao wengi huzalishwa mashambani, hawa wengi mno hutolewa baharini. Samaki-anemoni amekwishazoea kuzalishwa kwenye matangi. Kangaja bado ni wa kuhesabika: yule wa buluu na njano aliyekuwa rafiki wa Nemo alizalishwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Florida mwaka 2016.

Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao Mombasa, wamekuwa wakipima ni spishi zipi za biashara hii zinaelemewa. Kazi yao inaanzia mwambani na kuishia uwanja wa ndege. Kinachotokea sebuleni Ulaya siku ya tano hakimo kwenye daftari la bandari yoyote.

Mtu anaweza kuuliza kama mzamiaji wa Kilifi hapati faida samaki akifa huko, kwa kuwa ataagizwa mwingine. Kwa muda mfupi, ndiyo. Lakini mnunuzi aliyezika samaki watatu katika mwezi wa kwanza hulitangaza tangi kuwa linauzwa, na kelele za kampeni za kupiga marufuku biashara hii zinajengwa juu ya samaki hao hao. Mzamiaji hana kiti katika mazungumzo hayo.

> Kinachotokea sebuleni Ulaya siku ya tano hakimo kwenye daftari la bandari yoyote.

Upande wenye uwezo wa kubadilisha mambo haraka ni duka. Kwa wale wawili wa siku ya tano bado kuna la kufanya: chakula kisimame siku mbili, robo ya maji ibadilishwe kwa maji yenye chumvi na joto sawa, chakula kilichozama kinyonywe kwa mpira, na hewa iongezwe. Hata wakipona, tangi lina bakteria wa samaki wawili tu. Mwenye nalo akirudi dukani Jumamosi na kutaka wanne wengine, anaongeza chakula mara tatu kwa mkupuo, na amonia itaonekana upya.

Baadhi ya maduka ya Marekani na Ulaya humtaka mteja alete maji ya tangi lake yapimwe kaunta kabla ya kuuziwa samaki. Wengine hulalamika kwamba wanapoteza mauzo ya siku hiyo, hasa mteja anapokuja na watoto waliokwishachagua. Mauzo ya siku moja kweli yanapotea. Chumvi, chujio na mwamba vinaweza kuuzwa leo. Samaki wanaweza kusubiri mwezi, mmoja au wawili kwanza, wengine baada ya vipimo vya wiki mbili kutoka sifuri. Gharama ya kupima ni kichupa cha maji na matone machache.